Kabla Hujalitia Kumbi Kiberiti

Penye minazi mingi hapakosi kifuo. Ni chuma kilichochongoka, au mti mgumu uliochongwa, kimesimikwa ardhini ncha ikitazama juu. Mfuaji anaishika nazi kwa mikono miwili, anaichoma kwenye ncha, anaikandamiza upande mmoja mpaka kumbi, lile ganda la nyuzi linaloifunika nazi, linaachia, anaizungusha, anakandamiza tena, na nazi imebaki tupu mkononi kabla hujamaliza kumwamkia. Wapo wanaofua huku wakibishana mpira bila kutazama mikono yao. Na nyuma yao, iwe Pangani, Mkuranga, Rufiji, Mafia au mashamba ya Unguja na Pemba, utakuta rundo la makumbi.

Mfanyabiashara hayabebi. Yanajaza gari bure, na mteja wa mjini anataka nazi iliyofuliwa. Basi makumbi hubaki kijijini. Mengine huwa kuni, mengine hufukizwa kufukuza mbu, mengine huchomea chokaa. Yaliyosalia huloa na kukauka mvua hadi mvua, mpaka siku mtu anapotaka nafasi ya kuweka nazi mpya, akayatia kiberiti. Moshi wake ni mzito na moto wake hauzimiki upesi. Rundo kubwa linaweza kufuka siku kadhaa.

Mimi nina ugomvi na kiberiti hicho. Kinachoungua pale ni malighafi, na ukanda wetu wa pwani uliwahi kuijua kuliko sehemu nyingi za dunia.

Chukua kumbi kavu la nazi iliyokomaa, ulipasue kwa mikono. Juu kuna ganda jembamba, laini, lisilopenyeza maji kirahisi. Ndilo linaloisaidia nazi kuelea baharini na kuota ufukwe mwingine. Ndani yake nyuzi zimelala kwa urefu, kutoka kwenye kikonyo hadi upande wa pili, zimeshikanishwa na unga wa rangi ya udongo mwekundu unaobaki vidoleni. Nyuzi ndizo usumba. Unga watu wengi huupukuta tu, wala hawaufikirii. Lakini ukipima kumbi kavu kwenye mizani, nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito wake. Theluthi mbili ni huo unga.

Uzi mmoja wa usumba una urefu wa sentimita 10 hadi 30 hivi. Hauna ulaini wa pamba, na kwa nguvu za kuvuta mkonge unaushinda mbali. Ila mkonge ukiuvuta unakatika bila kurefuka sana, na usumba unarefuka, unarefuka, hata kufikia robo ya urefu wake kabla haujaachia. Tena umejaa lignini, kile kitu kinachoupa mti ugumu wake. Katika uzi wa nazi iliyokomaa ni zaidi ya asilimia 40. Vijidudu vinavyoozesha mimea hutaabika sana na lignini. Ndiyo maana kamba ya usumba hukaa ndani ya maji ya chumvi muda ambao kamba ya pamba au ya katani ingekuwa imeshaoza. Kwa mwenye chombo nangani, sifa hizo mbili ni mali: kamba inayonepa wimbi linapokuja, na isiyooza.

Mitepe, vyombo vya tanga vya zamani vya pwani yetu, ilisimama juu ya sifa hizo. Mbao zilitobolewa pembezoni, zikashonwa kwa kamba za usumba, msumari hata mmoja usitumike. Mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya kwanza kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi alivitaja vyombo vya kushonwa huko Rhapta, bandari ya pwani yetu ambayo mahali pake hasa wanahistoria bado wanabishania. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza sababu ya kushona vyombo: bahari hii ina miamba mingi, chombo cha misumari kikigonga kinavunjika, kilichoshonwa kinajikunja kidogo na kusalimika. Mitepe ya mwisho iliundwa upande wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 20. Kielelezo kimoja kiliundwa upya na kuwekwa Beit al Ajaib, Unguja, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Mkono uliosokota kamba zile haujafa. Mama yangu mdogo anaishi Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, na kwake ndiko nilikojifunza kazi ya kumbi ilivyo kweli, maana kuisoma na kuinusa ni mambo mawili.

Kule maji yakitoka, bahari inarudi mbali sana na kuacha uwanja mpana wa mchanga na madimbwi. Makumbi hufukiwa humo, mahali ambapo maji hupanda na kushuka kila siku. Kila mwanamke analijua shimo lake. Hutandaza makumbi, huyafunika mchanga, huyawekea mawe juu na pembeni ili bahari isiyachukue, kisha huyaacha miezi. Wengine huyaacha nusu mwaka na zaidi. Chini ya mchanga bakteria wanakula pektini, gundi ya mmea inayoshika nyuzi, na kuziacha nyuzi zenyewe karibu kama zilivyokuwa.

Siku ya kufukua, makumbi hutoka meusi na yananuka yai viza. Harufu hiyo inaingia kwenye nguo na nywele. Mama mdogo alikuwa ameketi mchangani, gogo mbele yake, gongo mkononi, na lundo la makumbi yanayochuruzika upande wa kushoto.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Pita huku, upepo utakuletea harufu yote usoni.”

Akanipa gongo nijaribu. Nikapiga mara chache, akanishika mkono.

“Lirudie, usilikomoe. Ukilipiga kwa nguvu zako zote nyuzi zinakatika, na nyuzi fupi haisokotwi.”

Anaanzia ncha moja, anapiga mapigo mafupi yanayosogea kidogo kidogo hadi ncha nyingine, anageuza, anarudi. Unga unatoka kama tope. Anapoliinua, lile lililokuwa kumbi limekuwa shungi la nyuzi za rangi ya asali. Analisuuza kwenye dimbwi, analitandaza juu ya mawe likauke. Kusokota ni kazi ya nyumbani, jioni, watu wakizungumza. Anachukua kidonge cha usumba, anakiviringisha kati ya viganja, akiongeza nyuzi mpya kabla zile za kwanza hazijaisha ili maungio yasionekane. Ncha mbili zinasokotwa kuelekea upande mmoja, kisha zinapindwa pamoja kuelekea upande wa pili. Kila ncha inataka kufumuka kwa njia yake, na kwa kutaka hivyo zinabanana. Kamba nzima imeshikwa na mvutano huo tu. Hakuna gundi wala fundo.

Inauzwa kwa pima, mikono miwili ikinyooshwa. Wanunuzi ni wajenzi wanaofungia makuti na boriti, wenye hoteli wanaotaka paa la asili, na wachache bado wanaotaka kitanda cha kamba. Bei yake ni ndogo. Ukiigawa kwa saa za kufukia, kufukua, kupiga, kukausha na kusokota, unabaki na pesa ambayo kijana wa bodaboda hawezi kuamka kitandani kwa ajili yake.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza pande hizo hizo za Paje na Jambiani. Mwani hufungwa na kuvunwa maji yakiwa yametoka, hasa siku za bamvua, bahari inaporudi mbali zaidi. Makumbi nayo hufukuliwa maji yakiwa yametoka. Saa ni zile zile na mwanamke ni yule yule. Wengi walihamia kwenye mwani, na kwa hesabu yao hawakukosea, hata kama baadaye mwani nao ulikuja kuwa na shida zake za bei na joto la bahari. Wakati huo kamba ya nailoni ilikuwa imeshajaa madukani: nyepesi, ndefu utakavyo, haina harufu, na mvuvi anaikuta tayari.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaozungumzia taka za mashambani. Wanasema watu wetu hawajui thamani ya makumbi, kwa hiyo waelimishwe. Mama mdogo aelimishwe nini? Anajua usumba kuliko mtaalamu yeyote aliyewahi kushuka kwenye gari pale kijijini. Kumbi liligeuka taka siku ambayo saa ya mwanamke juu yake ilianza kulipa kidogo kuliko saa hiyo hiyo mahali pengine. Mpango wowote unaotegemea arudi kupiga gongo kwa bei ile ile utakufa, na unastahili kufa.

Nimehudhuria mafunzo ya namna hiyo. Tulifundishwa kusuka vikapu vidogo na mapambo ya kuwauzia watalii, tukapigwa picha, tukapewa vyeti. Vitu vilikuwa vizuri. Lakini mapambo ya mwaka mzima ya kijiji kizima hayamalizi makumbi ya mfanyabiashara mmoja wa nazi wa wiki moja. Taka za shambani ni jambo la tani, na jibu lake lazima liwe la tani.

Wahindi waliliona hilo mapema. Huko Alappuzha, Kerala, James Darragh alifungua kiwanda cha usumba mwaka 1859, na mwaka 1953 India ikatunga sheria iliyounda bodi maalumu ya zao hilo. Bodi nzima kwa ajili ya kumbi! Mikeka ya mlangoni, brashi, magodoro, zulia za korido: vyote vikasafiri dunia nzima. Sri Lanka nao walikuwa na mashine zao, ngoma zenye misumari. Kumbi lililoloweshwa hushikiliwa kwenye ngoma inayozunguka. Nyuzi fupi na unga hunyofolewa na kuanguka, nyuzi ndefu hubaki mkononi. Ndefu ni za brashi, fupi ni za kujazia magodoro. Siku hizi kuna mashine inayolichana kumbi zima kwa muda mfupi, bila kulifukia miezi.

Sisemi tuige kila kitu. Makumbi yakiozeshwa kwa wingi kwenye maji yaliyotulia, kama ilivyofanyika kwa vizazi kwenye mito na maziwa ya pwani ya Kerala, hula hewa ya maji na kutoa gesi ile yenye harufu ya yai viza, na samaki wanakufa au wanahama. Jambiani bahari huja na kusafisha mara mbili kwa siku, na mashimo ni ya mikono. Mtu akileta wazo la kuozesha tani mia kwenye mikoko au kwenye hori lisilo na mkondo, wavuvi wakatae. Ngoma nazo zimeshanyofoa vidole vya watu, na vumbi lake linaingia kifuani. Mashine isiyo na kifuniko na chumba kisicho na upepo, hapana.

Sasa nirudi kwenye zile theluthi mbili za unga. Kazi yangu ni miche. Nina kitalu upande wa Mkuranga, na kwa muda mrefu nilijaza viriba kwa udongo wa msituni kama wenzangu wote, jambo ambalo nalo ni uharibifu, maana ule udongo mweusi wa juu haurudi upesi ukishachotwa. Unga wa kumbi niliufahamu kwa njia ya kuzunguka: nilinunua Dar matofali makavu yaliyoshindiliwa, yanayoumuka ukiyamwagia maji, na karatasi yake iliandikwa Sri Lanka. Nikasimama nalo mkononi pale dukani. Kutoka kitaluni kwangu hadi kwenye rundo la makumbi linalofuka moshi ni mwendo wa miguu.

Unga huo unashika maji mara kadhaa ya uzito wake na bado unaacha hewa kwenye mizizi. Ni mwepesi, na mche unatoka kwenye kiriba bila kuvunjika. Huko Ulaya nyanya na stroberi nyingi za mabanda hulimwa ndani ya mifuko ya unga wa kumbi, bila udongo. Kwa hiyo theluthi mbili ambazo msokota kamba huziosha na kuziachia bahari ni biashara nyingine, pengine kubwa kuliko kamba yenyewe.

Unga huo una masharti yake. Unga wa makumbi yaliyofukiwa pwani umejaa chumvi, na mche wa mpapai hauivumilii. Lazima uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Hata makumbi ya bara yana sodiamu na potasi nyingi, na wanaoufanyia kazi kitaalamu huusuuza kwa maji yenye kalsiamu naitreti ili chumvi ile itoke. Unga mbichi unapooza hunyang'anya mche naitrojeni, ndiyo maana mimi huuchanganya na samadi iliyokomaa na kuuacha ukae kabla ya kujaza viriba. Nyuzi fupi zisizofaa kamba wala godoro nazo zina kazi. Zikishindiliwa na utomvu wa mpira huwa vyungu vya miche unavyovipanda pamoja na mche, mizizi ikatoboa yenyewe. Zikifumwa wavu mpana hutandazwa kwenye kingo za barabara na miteremko inayomomonyoka. Wavu hushika udongo miaka michache, majani yakishaota unaoza na kuwa mbolea. Nikipita barabara mpya zinazoliwa na mvua kila masika, nauwaza wavu huo.

Kuna jambo moja ambalo wanaouza ndoto ya “taka ni pesa” hawamwambii mkulima. Kumbi lina potasi nyingi, na mnazi ni mlaji mkubwa wa potasi. Wakulima wa India na Sri Lanka huyafukia makumbi kwenye mitaro kuuzunguka mnazi. Yanashika maji ya mvua hadi kiangazi na polepole yanarudisha chakula kwenye mizizi. Mkulima anayeuza makumbi yake yote anauza na mbolea yake. Ushauri wangu kwa jirani zangu ni kwamba makumbi yanayofuliwa shambani, sehemu kubwa ibaki shambani kwenye mitaro. Yale yanayorundikana kwa mfanyabiashara, kwenye kituo cha kufulia, mbali na minazi yenyewe, hayo ndiyo ya kiwanda. Hayarudi shambani kwa hali yoyote, na tayari yamekusanyika mahali pamoja, kitu ambacho katika biashara ya mabaki ya shambani ndicho kigumu kuliko vyote.

Nikiulizwa tuanzie wapi, nasema tuanzie hapo: karakana ndogo pembeni ya kituo cha kufulia nazi, mashine moja ya kuchana, chekeche la kutenganisha nyuzi na unga, sakafu ya kuanikia. Unga uende kwenye vitalu vya karibu ili usafiri usiumalize. Nyuzi fupi ziende kwa mafundi magodoro na sofa. Nyuzi ndefu wapewe wasokotaji zikiwa tayari safi, kina mama kama wa Jambiani, wasipoteze bamvua zao kufukua wala mabega yao kupiga. Wafanye ile sehemu ambayo mkono wao unaishinda mashine, na walipwe kwa ufundi huo. Huko Belém, Brazili, kuanzia miaka ya 1990 chuo kikuu cha Pará na kampuni ya Daimler-Benz walishirikiana na wakulima wadogo kutengeneza viegemeo vya vichwa na viti vya magari kwa usumba na mpira wa asili. Kilichowafaa wakulima wale ni kwamba mnunuzi alikuwepo tangu mwanzo, na alitaka mzigo mkubwa kila mwezi.

Kuna kumbi jingine ambalo limeanza kuninyima usingizi, la dafu. Dar es Salaam imejaa wauza madafu na baiskeli zao. Mteja anakunywa, anakwangua utando, na ganda zima linatupwa, zito kwa maji, likajaza gari la taka ambalo mji unalilipia. Nyuzi zake ni nyeupe na laini kuliko za nazi kavu, kwa sababu lignini bado haijakomaa, lakini huwezi kulichana likiwa limejaa maji. Fortaleza, tena Brazili, shirika la utafiti wa kilimo la Embrapa lilitengeneza mfumo wa hatua tatu: kusaga, kukamua, kutenganisha. Maji yanayokamuliwa hayafai kumwagwa mferejini, yana chumvi na tanini nyingi, kwa hiyo hata hayo yanahitaji mahali pa kwenda.

Nimezungumza na wauza madafu wa Kigamboni. Wako tayari kutenga maganda iwapo guta litapita kila jioni bila kukosa, kwa sababu ganda likilala linachacha na nzi wanafukuza wateja. Guta linapatikana. Mashine ya kusaga ndiyo bado. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar, amechukua mashine kuukuu ya kukamua miwa ili aibadilishe. Ameshajaribu maganda machache na anasema roli zake ni laini mno, ganda la dafu linateleza badala ya kuingia, kwa hiyo anazichonga meno kwanza.